Almasi ni Makaa

Akiteng alikuwa na uchovu ambao usingizi haukuuweza. Aliamka nao, akaupakia kwenye pikipiki pamoja na gunia la makaa hadi Malaba, mpakani, akashinda nao kando ya foleni ya malori, na jioni akarudi nao nyumbani Kamuriai. Huko nyumbani kazi ya pili ilikuwa ikimngoja, nayo ilikuwa kuvuta ndoo za udongo kutoka kwenye shimo la mumewe.

Shimo lenyewe lilikuwa nyuma ya jiko, mahali ambapo kwa miaka mingi palipandwa mihogo. Lilianza kama mzaha, shimo la magotini. Likafika kiunoni, likafika kifuani, na sasa Okiria akiingia humo hukuona hata kofia yake. Ulisikia jembe, kisha kikohozi, kisha sauti ikisema, "Vuta." Akiteng akavuta, kwa maana asipovuta yeye, mzee angepanda na kushuka ngazi kwa kila ndoo, na kifua chake kilikuwa kimeliwa na moshi zamani.

Alichokuwa akitafuta Okiria mle ndani ni almasi.

Usicheke. Au cheka, lakini ukimaliza nenda ukamtafute mtangazaji mmoja wa redio, umuulize nani alimtuma. Ni yeye aliyesema asubuhi moja, kwa ile sauti yao ya kubembeleza, kwamba almasi, wapenzi wasikilizaji, ni makaa tu. Makaa yaliyofunikwa chini ya ardhi, yakabanwa, yakapikwa kwa joto kali miaka mingi, mpaka yakang'aa. Laiti angesema kaboni. Neno kaboni lingempita Okiria sikioni kama yanavyompita mengine mengi ya redio, naye angemaliza chai yake akaenda kulima. Lakini alisema makaa, na aliyekuwa akisikiliza alikuwa mchoma makaa.

Alikuwa mchoma makaa hasa, si hawa wa kubahatisha. Tangu ujana wake Okiria alikata miti, akaipanga chini, akaifunika nyasi na udongo, akaitia moto upande mmoja na kukaa hapo akiutazama moshi. Alijua moshi mweupe unasema nini na ule wa buluu unasema nini. Makaa yake yalilia kama chuma ukiyagonganisha, na wanawake wa Malaba waliyaulizia kwa jina lake. Sasa mtu kama huyo umwambie kwamba almasi ni makaa yaliyofunikwa, yakabanwa, yakapikwa. Aliweka kikombe chini. Alimwambia mkewe kwamba hao wazungu wa migodini wanazunguka tu, hiyo ni kazi yake yeye.

Halafu akakumbuka tanuri la mkwaju.

Lilikuwa tanuri kubwa kuliko yote aliyowahi kuwasha. Mkwaju mzima, mzee, wenye mti mgumu kama mfupa, aliuangusha na kuupanga mwenyewe kwenye shimo la kina, huko nyuma ya jiko. Lilikuwa likiendelea kuungua ndani kwa ndani pale ilipofika habari kwamba chifu anakuja na askari kukamata wachoma makaa, maana uchomaji ulikuwa umepigwa marufuku. Okiria aliziba kila tundu, akaongeza udongo juu mpaka pakawa kilima, akavuka mpaka kwenda Uganda, kwa dada yake wa Tororo. Alikaa huko msimu na zaidi. Aliporudi, mvua zilikuwa zimesawazisha kila kitu, binamu yake Egesa alikuwa amepitisha ng'ombe wa kulima juu yake, na hakuna aliyeweza kuonyesha kwa kidole tanuri lilikuwa wapi. Okiria alilaani kidogo, akalisahau. Makaa ya mkwaju yalibaki ardhini bila kufunguliwa, mahali fulani chini ya ile mihogo.

Kwa hiyo utaona kwamba mzee hakuwa mwendawazimu. Alikuwa na hesabu zake, na tatizo la hesabu zile ni kwamba zilikaa sawa.

Akiteng angeweza kulivumilia hilo. Alikuwa amevumilia mengi kwa mtu huyu, na mengine alishazoea hata hakuyaona. Lakini wiki ya pili ya kuchimba, Okiria alipanda kutoka shimoni akiwa na kitu kiganjani. Kilikuwa kijiwe cha ukubwa wa punje mbili za mahindi, cheupe, ambacho ukikiinua juani unaona mwanga upande wa pili. Alikuwa akicheka peke yake. Aliingia ndani ya nyumba, akachukua picha yao ya arusi ukutani, akakwaruza kioo chake kwa kile kijiwe. Mstari ukatokea, ukapita juu ya paji la uso la Akiteng akiwa bado msichana.

"Si unaona?" Okiria alisema. "Almasi peke yake ndiyo inakata kioo."

Kila mtu wa Kamuriai alijua hivyo, hata Akiteng. Alitazama ule mstari, akaona uchungu kidogo kwa ajili ya picha, na pia, lazima tuseme ukweli, akaona tamaa. Ilikuwa tamaa ndogo tu, ya kukaa. Aliwaza kiti chenye mgongo mahali penye kivuli, na yeye juu yake, na hakuna anayemwita.

Tamaa ile ilimwisha siku mvua za kwanza zilipoanza kunyesha.

Udongo wa Kamuriai ukikauka huwa kama tofali, lakini ukilowa hauna urafiki na mtu. Asubuhi moja baada ya mvua Akiteng aliona ufa umetokea mdomoni mwa shimo, mwembamba, wa kuingiza ukucha. Siku iliyofuata uliingiza kidole. Jioni hiyo alipokuwa anavuta ndoo, pande la udongo la ukubwa wa mbuzi lilibanduka upande wa mihogo na kuanguka ndani. Alisikia kishindo, halafu hakusikia kitu. Alipiga magoti akachungulia. Okiria alikuwa amesimama, udongo umemfikia mapajani, anafuta macho.

"Limenikosa," alisema. "Vuta."

Kuanzia siku hiyo Akiteng hakuwa na jambo lingine kichwani. Almasi iwepo isiwepo, yeye alitaka mume wake atoke mle ndani mzima, na atoke kabla mvua kubwa haijafika. Upande wa pili wa mpaka, kwenye machimbo ya dhahabu, watu walikuwa wakifukiwa kila mvua zikija, na habari zake hufika sokoni Malaba kabla maiti hazijatolewa. Egesa, aliyekuwa akisaidia kuchimba kwa ahadi ya fungu lake, aliuona ule ufa akaweka jembe chini. Alisema yeye hataki kuzikwa kabla hajafa. Mercyline, binti yao aliyeolewa Nambale, alimpigia baba yake simu akalia. Okiria alimsikiliza vizuri, akamwambia asijali, atamjengea nyumba. Akiteng mwenyewe alisema kwa upole, akasema kwa ukali, akanyamaza siku nzima bila kuandaa chakula. Mzee hakuambilika wala hakusemezeka. Alikula mihogo mibichi akarudi shimoni.

Na Akiteng akavuta ndoo. Ungemuuliza kwa nini, angekuambia kwamba akiwa pale juu na kamba mkononi angalau atajua ni saa ngapi limemfunika.

Sasa, malori yakikaa Malaba hukaa kweli. Yakijipanga kutoka mpakani huelekea nyuma hadi ukasahau mwisho wake uko wapi, na madereva hugeuka wakazi. Wananyoa ndevu kwenye vioo vya pembeni, wanafua, wanaanika, na wengi wanajipikia chini ya tela. Hao ndio wateja wa Akiteng. Siku hizi alikuwa akinunua makaa kutoka kwa mama mmoja wa ng'ambo na kuyapima kwa gorogoro, lile kopo la kupimia, akitembea toka lori moja hadi lingine na ndoo kichwani.

Mmoja wa madereva hao aliitwa Mabula. Alikuwa Msukuma wa Shinyanga, Mtanzania, ila aliendesha lori la kampuni ya Mombasa. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, na alizungumza kile Kiswahili cha kwao ambacho kinamfanya mtu wa Busia asimame kwanza kabla ya kujibu. Kila mara alimwambia Akiteng shikamoo, na kila mara Akiteng alijibu mzuri, mpaka siku moja wakacheka wote wawili.

Siku ile foleni haikuwa imesogea hata kidogo. Mabula alinunua makaa, akamtazama Akiteng usoni, akamuuliza anaumwa nini. Akiteng alikusudia kusema haumwi. Badala yake alitua ndoo, akakaa juu ya jiwe ambalo dereva alizuilia gurudumu, na maneno yakamtoka yote: redio, tanuri, kijiwe, ufa, pande la udongo. Alisema kwa sauti ya chini bila kulia. Alikuwa amechoka mno kulia.

Mabula hakucheka. Aliuliza tu kama hicho kijiwe amekiona kwa macho yake. Halafu akamweleza kwamba kijiji alikozaliwa kiko karibu na mgodi wa almasi, na kwamba ujana wake wote ulipotelea kwenye vijito vya huko, akichekecha kokoto na wenzake tangu asubuhi hadi jua kuzama. Kwa miaka yote hiyo aliokota almasi moja, ndogo kama punje ya mtama. Akauliza kama mzee anaweza kukubali kusikia kutoka kwa mtu aliyewahi kuishika.

Akiteng alisema hajui. Lakini moyo wake uliruka, na aliuchukia kwa kuruka.

Walipanda pikipiki mchana huohuo, Mabula akamwachia lori turnboi, msaidizi wake wa safari. Walipofika Okiria alikuwa amepanda juu kupumzika, amekaa ukingoni mwa shimo, miguu inaning'inia ndani. Mabula alitazama ule ufa akarudi hatua nyuma bila kukusudia. Alitoa shikamoo yake. Okiria, ambaye hakuna mtu aliyewahi kumwamkia hivyo, alitafuta jibu, akasema, "Ndiyo."

Akiteng alieleza mgeni ni nani. Uso wa Okiria ulifunguka kabisa. Hatimaye mtu wa kazi! Alimwita chini ya ukuta wa jiko, akatoa kijiwe kutoka kwenye kitambaa, akakiweka mkononi mwa Mabula kama mtu anayempa mwenzake mtoto ashike. Mabula alikigeuza polepole. Alikiinua juani. Kisha akakisogeza mdomoni akakipulizia pumzi yenye joto, akakitazama. Kijiwe kiliingia ukungu na ukungu ukakaa. Alifanya hivyo mara ya pili, safari hii akimwonyesha Okiria.

"Almasi ukiipulizia, mzee, huo ukungu haukai. Unaondoka palepale. Hili ni jiwe la mwambani tu. Yamejaa kwenye miamba kila mahali."

"Inakata kioo," Okiria alisema.

"Na hili hukata kioo. Kioo ni laini, mzee wangu. Mawe mengi huweza kukikwaruza."

Hapo Akiteng alidhani yamekwisha. Lakini Mabula, kwa kuwa alikuwa mtu mwema na alidhani kinachomsumbua mzee ni kutojua, akaanza kumweleza. Alieleza vizuri. Alisema almasi hazitengenezwi huku juu tunakolima. Zinatengenezwa chini mno. "Chukua barabara kutoka pale Malaba mpaka uipite Eldoret," alisema, "kisha isimamishe wima kwenda chini. Huko ndiko." Huko kuna joto na uzito ambao hakuna jembe litakalowahi kuukaribia, na ndio unaobana ile kaboni mpaka inakuwa kitu kigumu kuliko vyote. Kilichomo ndani ya makaa ndicho kilichomo ndani ya almasi, hilo redio haikudanganya, lakini almasi haikuwahi kuwa mti. Ni ya kale kuliko miti yote. Duniani hakukuwa bado na jani hata moja ilipokuwa tayari imekaa huko chini.

Okiria aliuliza, basi kwenu zilifikaje juu.

Mabula akasema ni moto wa ardhi. Zamani za kale, mahali pachache tu duniani, kwenye ardhi kongwe, huko chini palichemka pakafoka, kama uji unavyofoka na kubeba madonge yake hadi kwenye mdomo wa sufuria. Ukapanda kwa kasi ndani ya njia nyembamba kama bomba, ukapoa humo. Mgodi wa kwao umekaa juu ya bomba la namna hiyo. Mvua na mito nayo ikamomonyoa mdomo wa bomba miaka na miaka, ikatapanya vijiwe kwenye kokoto, na ndivyo watu kama yeye walivyopata cha kuchekecha. Pasipo na bomba, hakuna kitu. Mtu anaweza kuchimba maisha yake yote na ya wajukuu wake.

Yalikuwa maelezo safi, na kama yangetolewa redioni asubuhi ile hadithi hii isingekuwepo.

Okiria alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza swali ambalo mchoma makaa peke yake angeliuliza. "Umesema ndani yake ni kitu kilekile cha makaa."

"Ndiyo, mzee."

"Basi inashika moto."

Mabula alisita. Angeweza kusema hapana, na pengine alitamani. Lakini alikuwa mkweli, akasema ndiyo, amewahi kusikia kwamba kwenye moto mkali sana almasi huungua ikaisha, isiache hata jivu.

Okiria aliinuka akaingia jikoni. Aliwasha makaa, akayapepea kwa mfuniko wa sufuria mpaka yakawa mekundu yakaelekea weupe, akayatengenezea shimo katikati na kukiweka kile kijiwe humo. Akiteng alitazama asiamini. Kama kingeungua, kilikuwa almasi, na wangekuwa wameichoma. Kisipoungua, hakikuwa kitu. Mume wake alikuwa amebuni kipimo ambacho hakuna namna ya kukishinda, na alikuwa amechuchumaa mbele yake akipepea, anakohoa, uso umemjaa matumaini. Akiteng alimwonea huruma. Alitamani kiungue.

Kijiwe kililia tak! Kipande kimoja kiliruka kikagonga sufuria. Okiria alikitoa kilichobaki kwa koleo akakiweka sakafuni, nacho kilikuwa kimepasuka, kimekuwa cheupe kama chumvi ya mawe. Hakikuungua hata ukingo. Mabula alisema pole, mzee. Akiteng alimsindikiza hadi kwenye pikipiki na kumshukuru, na dereva aliondoka ameinamisha kichwa, tena haraka, kwa maana simu ilikuwa imeita na foleni ilikuwa imeanza kusogea.

Aliporudi nyuma ya jiko alisikia jembe.

Alisimama hapo, mikono imening'inia. Mawingu yalikuwa yamejipanga upande wa Tororo, meusi chini, na upepo ulianza kugeuza majani ya mihogo. Alifika ukingoni. Ule ufa sasa ungeingiza mguu wa mtoto. Chini kabisa aliona mgongo wa Okiria ukiinama na kuinuka.

"Baba Mercy, umesikia yule mtu."

"Nimesikia. Hiyo ilikuwa jiwe ya juu tu, hata mimi niliishuku. Tanuri iko chini. Jana nimeona udongo mweusi. Vuta."

Akiteng hakuvuta. Kamba ilikuwa miguuni pake na hakuinama kuiokota. Alikuwa na maneno ya kila namna, aliyoyasema na ambayo hakuwahi kuyasema, kuhusu miaka yake, na mgongo wake, na makaa ya watu wengine anayoyabeba kichwani. Aliyatafuta akakuta hayana nguvu tena. Ukweli ulikuwa umeletwa kwa pikipiki kutoka Malaba, umeelezwa kwa Kiswahili safi, na haukumtoa mtu shimoni. Tone la kwanza likamwangukia mkononi. Alikaa chini kwenye rundo la udongo, na alipofungua kinywa hakuwa amepanga aseme nini.

"Ile mkwaju," alisema. "Yule mtu anasema hizo vitu zimekaa chini kutoka kabla miti haijakuwa. Yako imekaa chini miaka mingapi?"

Jembe likasimama.

"Kumi na kitu," Okiria alisema.

"Haijaiva."

Mvua ilianza kugonga majani, bado kwa kusitasita.

"Wewe ndio fundi," Akiteng alisema. "Ulinifundisha wewe. Mtu akifungua tanuri kama haijaiva, inakuwaje?"

Alijua jibu. Kila mke wa mchoma makaa analijua, maana ndilo jambo moja linaloweza kumfanya mume wake alie. Hewa inaingia. Hewa ikiingia, moto uliokuwa umelala unaamka, na kazi yote inakuwa jivu mbele ya macho yako.

Uso wa Okiria ukageuka juu. Aliona ukuta wa shimo, akaona anga lililo wazi juu yake, na Akiteng akamwona akiogopa. Tangu mwanzo wa mambo haya hakuwa amemwona akiogopa. Ufa haukumtisha, wala pande la udongo, wala machozi ya binti yake. Sasa alikuwa akitazama lile tundu kubwa alilolichimba kwa mikono yake juu ya tanuri bora kuliko yote ya maisha yake, na kinywa kilikuwa wazi.

"Nimeifungua," alisema.

"Bado. Umesema umeona udongo mweusi tu. Lakini hewa inaenda."

"Shika ngazi. Mama Mercy, shika ngazi haraka."

Alipanda akikohoa, akashika sepetu kabla hajanyoosha mgongo. Walifukia pamoja, yeye kwa sepetu na Akiteng kwa jembe, mvua ikiwashukia sawasawa, matope yakiwarukia hadi nyweleni. Walipofika nusu, upande wa mihogo ulishuka wenyewe, ufa na kila kitu, ukaingia ndani kwa kishindo kizito na kufunika mahali alipokuwa amesimama. Okiria aliuambia ule udongo, vizuri, umesaidia. Akiteng aligeuka pembeni akashika mdomo wake kwa mkono mchafu. Kisha akaendelea.

Juu walikanyaga. Okiria alisisitiza wakanyage kwa visigino, hatua kwa hatua, pasibaki mwanya hata wa sindano.

Mvua kubwa zilikuja na zikapita. Okiria alirudi shambani. Alipanda mahindi amechelewa, yakatoka mafupi lakini yakatoka. Pale nyuma ya jiko hakutaka kitu kipandwe, hata mboga. Alimwambia Egesa kwamba hapo kuna kazi inaendelea, na Egesa akamtazama Akiteng, na Akiteng akatazama kwingine. Lakini tanuri haliachwi peke yake, mchoma makaa yeyote atakuambia. Kwa hiyo kila alasiri mzee alichukua kiti kipana chenye mgongo, akakiweka karibu na kile kilima cha udongo walioukanyaga, akakaa. Alikuwa amepunguza kukohoa. Siku nyingine Mercyline alikuja na watoto, nao wakakatazwa kucheza pale juu, wakatii kama wanavyotii kanisani.

Akiteng alijua alichokifanya. Hakuwa amemtoa mtu kwenye upumbavu wake. Alikuwa amemfunikia vizuri, usipate hewa. Mara nyingine akiwa Malaba, kati ya lori na lori, lilimjia wazo kwamba angepaswa kumwambia ukweli wote siku moja wakiwa wamekaa. Kisha aliwaza kukaa kwenyewe, na wazo likaisha.

Jioni moja alirudi mapema, makaa yameisha. Alimkuta Okiria kwenye kiti chake, ameinama mbele, kiganja amekilaza juu ya udongo. Jua lilikuwa limepiga pale mchana kutwa. Aliposikia hatua zake hakugeuka, alisogea tu kwenye kiti ili ibaki nafasi, kama mtu anayejua mwenzake amechoka.

"Weka mkono," alisema.

Akiteng alikaa. Ubavu wake ulimgusa mumewe, mgongo wake ukapata mahali pa kuegemea. Aliinama akaweka mkono karibu na wake.

"Ina joto," Okiria alisema.

"Ina joto," Akiteng alisema, na hakuuondoa.